Mswada Umerudi, Sasa Je?

Kila panapofanyika warsha ya uandishi, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, kuna swali lisilokosa kuulizwa. Kwa kawaida huja mwishoni, wakati watu wameshaanza kukusanya mikoba. Muulizaji huanza kwa mbali: ana rafiki yake aliyeandika riwaya, akaipeleka kwa mchapishaji, miezi ikapita, mwisho ikaja barua ya mistari mitatu. Asante kwa kutufikiria. Kwa bahati mbaya kazi yako haiendani na mahitaji yetu kwa sasa. Tunakutakia kila la heri. Je, rafiki huyo hajui kuandika? Au hawakuisoma kabisa?

Ukumbi mzima huwa umeshajua rafiki ni nani, lakini kwa adabu hakuna anayecheka.

Swali ni la haki, ila jibu lake haliwezi kutoka kwenye mistari ile mitatu. Barua ya namna hiyo hutumwa kwa aliyeandika vibaya, kwa aliyeandika vizuri, na hata kwa aliyekosea mlango akapeleka utenzi kwenye kampuni inayochapisha vitabu vya hisabati. Ili kuielewa, inabidi kwanza kujua mswada hupitia nini baada ya kuondoka mikononi mwa mwenyewe.

Safari ya mswada

Mswada ni kazi iliyokwisha kuandikwa lakini haijawa kitabu. Ukifika kwenye kampuni ya uchapishaji, kwa mkono au kwa baruapepe, huandikishwa, kisha mhariri huutupia jicho la kwanza. Jicho hilo ni la haraka kuliko waandishi wengi wanavyodhani. Mhariri husoma barua iliyoambatana, muhtasari na kurasa za mwanzo, akijiuliza jambo moja: kazi hii inaingia kwenye orodha yetu? Orodha ni zile aina za vitabu ambazo kampuni imezoea kuchapisha na inajua kuziuza. Kampuni yenye orodha ya vitabu vya watoto haitaanza riwaya za upelelezi kwa ajili ya mswada mmoja, hata uwe mtamu kiasi gani.

Ukivuka hapo, mswada hupelekwa kwa wasomaji wa nje, mara nyingi wahadhiri au waandishi wazoefu, ambao huandika ripoti fupi: hadithi inasimama? Lugha imenyooka? Nani atakinunua kitabu hiki? Ripoti hizo hupelekwa kwenye kikao, na hapo upepo huweza kugeuka, kwa sababu mhariri haketi peke yake. Yupo mtu wa mauzo. Yupo mhasibu.

Mhasibu ana hesabu yake, na mwandishi akiifahamu atapunguza nusu ya hasira. Tuseme kitabu kitauzwa shilingi 15,000 na zitachapwa nakala 1,000. Zikiuzwa zote, bila hata moja kuliwa na mchwa, zinaingiza milioni 15. Tuseme wenye maduka wanachukua theluthi, yaani milioni 5. Mwandishi anapata mrabaha, yaani fungu lake katika kila nakala inayouzwa. Tuuweke asilimia 10, sawa na milioni 1.5. Inabaki milioni 8.5, na humo ndimo watoke mhariri, mchoraji wa jalada, mpangaji kurasa, mtambo, karatasi, gari la kusafirisha na kodi ya ghala. Zaidi ya hayo, karibu gharama zote hizo hulipwa kabla nakala ya kwanza haijauzwa. Riwaya ya mtu asiyejulikana huchukua miaka kurudisha fedha hizo, kama zitarudi.

Ndiyo maana kampuni nyingi za Afrika Mashariki zinaishi kwa vitabu vya shule. Nchini Kenya, riwaya au tamthilia ikiteuliwa kuwa fasihi teule, yaani kitabu kinachotahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne, huingia mikononi mwa wanafunzi wa nchi nzima. Waliosoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei wengi wao waliinunua kwa sababu mtihani uliwadai. Tanzania nayo, serikali ilipoikabidhi Taasisi ya Elimu (TET) kazi ya kuandaa vitabu vya kiada, wachapishaji binafsi walipoteza soko lililokuwa likiwabeba, na riwaya, iliyokuwa ikilipiwa na faida ya vitabu hivyo, ikawa ya kwanza kukatwa.

Mhariri anayesoma riwaya ya mapenzi, kwa hiyo, husoma akiwa na mwalimu mkuu kichwani. Hofu hiyo haikuanza jana. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizua zogo na kupigwa marufuku shuleni, kwa jinsi ilivyomsimulia msichana anayepotoka baada ya kulelewa kwa ukali. Baadaye ikaruhusiwa, ikasomwa, ikafundishwa. Mchapishaji wa leo anayekumbuka kisa hicho hukumbuka miaka ya marufuku kwanza, miaka ya kufundishwa baadaye.

*Kwa ufupi: mswada hupimwa mara tatu, kwa orodha ya kampuni, kwa ripoti za wasomaji na kwa hesabu ya fedha. Kipimo kimoja tu kati ya hivyo kinahusu uandishi wenyewe.*

Waliokataliwa kwa sababu za ajabu

Hadithi ya J. K. Rowling kukataliwa na wachapishaji 12 imesimuliwa mpaka imechakaa. Zipo nyingine zinazofundisha zaidi, kwa sababu ndani yake tunajua kwa nini mlango ulifungwa.

Mwaka 1944 George Orwell alikuwa tayari anajulikana Uingereza alipoanza kuzungusha mswada kuhusu wanyama wanaompindua mwenye shamba. Victor Gollancz, mchapishaji wake wa siku nyingi, aliukataa. Jonathan Cape alielekea kuukubali, kisha akarudi nyuma baada ya kushauriwa na afisa wa Wizara ya Habari. Katika kampuni ya Faber aliyejibu alikuwa T. S. Eliot, yule mshairi, ambaye aliusifu uandishi lakini hakuridhika na msimamo wake wa kisiasa. Hadithi ilimkejeli Stalin, na wakati huo Umoja wa Kisovyeti ulikuwa bega kwa bega na Uingereza dhidi ya Hitler. Kuna hata mchapishaji wa Marekani ambaye, kwa maelezo ya Orwell mwenyewe, alijibu kwamba hadithi za wanyama haziuziki kule. Kampuni ya Secker & Warburg ilisoma mswada uleule, ikaukubali, na kitabu kikatoka Agosti 1945. Wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Shamba la Wanyama, kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotolewa Nairobi mwaka 1967.

Grace Ogot wa Kenya alikutana na kikwazo cha namna nyingine. Alikuwa muuguzi na mkunga kwa taaluma, na hadithi zake fupi alizichota katika masimulizi ya Wajaluo: mvua iliyogoma, binti anayetolewa kafara, waganga na dawa zao. Alizipeleka kwa East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948 chini ya serikali za kikoloni ili kukuza vitabu vya eneo hili. Kama alivyosimulia baadaye, wenye shirika hawakuelewa inakuwaje mama Mkristo anaandika mambo ya kafara na uganga badala ya wokovu. Hadithi moja kati ya hizo ilikuja kuchapishwa katika jarida la Black Orpheus lililokuwa likitolewa Nigeria, na mwaka 1966 riwaya yake The Promised Land ikatolewa na East African Publishing House ya Nairobi. Hakuwa amebadilisha mada. Alikuwa amebadilisha mlango.

Kisa cha tatu ni cha juzi. Jennifer Nansubuga Makumbi, Mganda aliyehamia Uingereza mwaka 2001, aliandika riwaya ndefu kuhusu ukoo wa Kiganda unaoandamwa na laana tangu enzi za Buganda ya kale. Wachapishaji wa Uingereza waliikataa. Aliambiwa kwamba ni ya Kiafrika mno. Mwanzo mtu hucheka, kisha anagundua kuwa ni maelezo ya kibiashara kabisa. Waliokuwa wakisema hivyo walikuwa wakimfikiria mnunuzi wa Manchester au London, wakaona hatajikuta popote ndani ya kitabu. Walichokosa ni kumfikiria msomaji wa Kampala na Nairobi, ambaye hakuwa kwenye daftari lao la mauzo. Makumbi atarudi baadaye katika sura hii, maana namna alivyotoka kwenye shimo hilo ina faida kuliko namna alivyoingia.

Hapa inafaa kuweka breki. Visa hivi vina hila yake: hukusanywa kutoka kwa walioshinda. Hakuna anayeandika kitabu kuhusu mswada uliokataliwa mara 12 kwa sababu ulistahili kukataliwa mara 12, na miswada ya aina hiyo ndiyo mingi. Mhariri yeyote mkweli atakwambia kuwa sehemu kubwa ya anachopokea ni rasimu ya kwanza iliyotumwa mbichi, mhusika akiitwa Asha ukurasa wa 10 na Aisha ukurasa wa 40. Mwandishi anayejifananisha na Orwell baada ya barua ya kwanza anajinyima nafasi ya kujua kama tatizo ni lake.

Kila "hapana" na uzito wake

Basi mtu atajuaje? Kwa kuisoma "hapana" aliyopewa. Ziko za aina nne, na hazifanani thamani.

1. *Kimya.* Ndiyo ya kawaida zaidi kwetu, na ndiyo inayotesa zaidi.
2. *Barua ya jumla.* Mistari ileile hutumwa kwa wote, jina tu hubadilishwa. Haina habari ndani yake; usiichambue usiku kucha kutafuta maana iliyofichwa.
3. *Barua yenye sababu.* Mhariri ametaja kitu mahsusi: mwanzo unakokota, mazungumzo ni ya kitabuni mno, mswada ni mrefu. Hii ni hazina hata kama inauma. Mtu aliyeelemewa na kazi ametumia muda wake kwa ajili ya mswada mmoja.
4. *Rekebisha ulete tena.* Hii si kukataliwa, japo waandishi wengi huipokea hivyo, wakanuna, wasirudi.

Kimya kinahitaji maneno zaidi. Mwandishi hukaa mwaka mzima akidhani mswada unajadiliwa, kumbe uko chini ya rundo, au baruapepe yake iliingia kwenye kikapu cha taka. Utaratibu wa heshima unaotumiwa na wazoefu ni huu: uliza muda wa kusubiri siku unapokabidhi mswada, muda huo ukipita, ongeza mwezi mmoja, kisha andika barua fupi ya kuulizia, isiyo na lawama, yenye jina la mswada na tarehe uliyouwasilisha. Kimya kikiendelea, andika ya pili ukieleza kwamba unauondoa mswada ili uupeleke kwingine. Barua hii ya pili ina faida mbili. Inakuondolea ngojangoja isiyo na mwisho, na mara nyingine ndiyo inayomfanya mhariri afungue faili kwa mara ya kwanza.

Kimya kiliwahi kukaribia kuizamisha riwaya ya Kiafrika iliyosomwa kuliko zote. Mwaka 1957 Chinua Achebe alituma London nakala pekee ya mswada wake, ulioandikwa kwa mkono, kwa wakala aliyetangaza kupiga chapa. Miezi ikapita bila jibu. Mkubwa wake wa kazi katika redio ya Nigeria, Angela Beattie, alipokwenda Uingereza likizo alipita ofisini kwao kuuliza kwa ukali, ndipo kazi ikafanyika. Hata baada ya hapo baadhi ya wachapishaji waliukataa kwa hoja kwamba hadithi za Waafrika hazina soko. Heinemann waliutoa Juni 1958, nakala 2,000 tu. Ndicho kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili walikuja kukipata kama Shujaa Okonkwo.

Nakala pekee! Leo simu ya mkononi inaweza kuhifadhi miswada elfu, lakini bado wapo wanaopoteza kila kitu kompyuta ikiibwa kwenye daladala.

Siku za mwanzo

Maumivu ya kukataliwa si udhaifu wa tabia. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo na kuwachezesha mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira. Katikati ya mchezo, wenzao waliacha kuwarushia. Sehemu ya ubongo iliyochangamka ni moja ya zile zinazohusika na karaha ya maumivu ya mwili. Wataalamu bado wanabishana kuhusu tafsiri ya picha hizo, ila jambo la msingi liko wazi: kama kuachwa kwenye mchezo wa mpira usiokuwepo kunamgusa mtu, kurudishiwa kazi ya miaka mitatu kutamgusa zaidi.

Kwetu kuna kidonda cha ziada, nacho ni watu. Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari mkoani Singida. Alipomaliza riwaya yake aliwaambia walimu wenzake, shemeji zake na mwenye duka anakochaji simu. Barua ya kukataliwa inapofika, hakuna anayeijua isipokuwa yeye, lakini kila asubuhi kuna anayemsalimu kwa kumuuliza, "Mwalimu, kitabu kimefikia wapi?" Muulizaji ana nia njema. Mwalimu anaanza kupita njia ya nyuma. Baada ya muda haachi tu kuzungumzia uandishi, anaacha kuandika, kwa sababu kila akishika kalamu anasikia lile swali.

Dawa ya hali hii ni ndogo na ya aibu kidogo: kuwa na jibu tayari. "Waliurudisha, naufanyia kazi" ni maneno matatu, na yakishatoka mdomoni mara mbili tatu hupoteza sumu. Watu husahau upesi kuliko tunavyowaza. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake wazi kwamba mswada umerudi anawafundisha jambo kuhusu uandishi ambalo mtaala haulitaji.

Kisha yako mambo ya kutofanya. Usimjibu mhariri siku hiyohiyo. Usimpigie kumwomba atafakari upya. Zaidi ya yote, usimtukane kwenye kundi la WhatsApp la waandishi, maana Dar es Salaam na Nairobi ni miji mikubwa lakini uchapishaji wake ni kijiji: mhariri wa kampuni hii mwaka kesho yuko kampuni ile, na aliyesoma ripoti ya mswada wako leo anaweza kuwa jaji wa tuzo kesho.

Ushauri wa ng'ambo na milango yetu michache

Mwaka 2016 mwandishi Mmarekani Kim Liao aliandika makala iliyosambaa sana akiwashauri wenzake wajiwekee lengo la kukataliwa mara 100 kwa mwaka. Hoja yake ni nzuri. Anayelenga kukataliwa hutuma kazi nyingi, na anayetuma nyingi hatimaye hukubaliwa, tena kila barua inakuwa alama ya kusonga mbele badala ya kipigo.

Tatizo ni hesabu. Marekani ina mamia ya majarida ya fasihi. Anayeandika riwaya kwa Kiswahili, akiorodhesha kampuni zinazopokea riwaya za watu wazima kutoka kwa waandishi wapya Tanzania na Kenya, atazimaliza kabla daftari halijajaa ukurasa. Mwandishi wa Ohio anaweza kuchoma milango 20 akijifunza kazi. Wa Morogoro hana milango ya kuchoma. Kwa hiyo ushauri wa kufaa kwetu ni kinyume kidogo: tuma mara chache, lakini kila mara tuma kitu kilichokomaa.

Kukomaa kunahitaji wasomaji wa awali, watu wawili au watatu wasio ndugu wala wapenzi, ambao watausoma mswada kabla ya mhariri. Waulize maswali yanayojibika: ulichoka ukurasa gani? Nani hukumwamini? Ukisikia sifa tupu, tafuta msomaji mwingine. Halafu zisome orodha za kampuni kabla ya kutuma. Dukani, angalia mgongo wa kila riwaya mpya ya Kiswahili na uandike nani ameitoa. Jioni moja ya namna hiyo huokoa mwaka wa kusubiri jibu kutoka kwa watu wasiochapisha kabisa unachoandika.

Milango ya pembeni

Makumbi hakuingia kwa mlango mkuu. Historia ya mlango alioingilia inaanza na mtu mwingine aliyekataliwa. Mwaka 2002 Mkenya Binyavanga Wainaina aliwasilisha simulizi yake "Discovering Home" kwa Tuzo ya Caine. Ilikuwa imetoka kwenye jarida la mtandaoni, na mwanzoni aliambiwa kwamba kazi za intaneti hazipokelewi. Alijibu kwa hasira, akiuliza Waafrika wachapishwe wapi kwa karatasi. Wakalegeza, na akashinda. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha jarida la Kwani? jijini Nairobi. Miaka kumi baadaye taasisi hiyo iliendesha shindano la miswada ya riwaya ambazo hazijachapishwa, likapokea zaidi ya miswada 280 kutoka nchi mbalimbali. Mshindi wa mwaka 2013 alikuwa Makumbi. Kwani? walikitoa kitabu chake, Kintu, mwaka 2014, bila kumtaka apunguze Uganda hata kidogo. Marekani ikakichapisha mwaka 2017, Uingereza mwaka 2018, na mwaka huohuo akapata tuzo ya Windham-Campbell yenye thamani ya dola 165,000. Walioona kitabu ni cha Kiafrika mno walikuja kukinunua kikiwa na Uafrika wake wote.

Tuzo zimekuwa mlango halisi kwa Kiswahili pia, tangu zamani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtambulisha mpelelezi Bwana Msa kwa Mzimu wa Watu wa Kale, mswada ulioshinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960. Shirika lililoendesha shindano hilo ni lilelile lililoduwazwa na hadithi za Grace Ogot, jambo linaloonyesha kuwa mlango mmoja huweza kumfungia huyu na kumfungulia yule. Siku hizi ipo tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata miswada isiyochapishwa, na Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na TET. Jaji wa tuzo haulizi kama kitabu kitaingia shuleni. Huuliza kama ni kizuri kuliko vingine mezani, na swali hilo linampa mwandishi mpya nafasi ambayo mhasibu hawezi kumpa.

Mlango mwingine ni mtu. Mwaka 1962, kwenye mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere, mwanafunzi mmoja alimkabidhi Achebe mswada wake ausome. Achebe akaupeleka kwa Heinemann. Mwanafunzi ni Ngũgĩ wa Thiong'o, na mswada ukatoka mwaka 1964 kwa jina Weep Not, Child. Wanaokwenda kwenye maonyesho ya vitabu kupiga picha tu wanapoteza nauli.

Kujichapishia

Kujichapishia ni pale mwandishi anapogharimia kitabu chake mwenyewe na kubeba faida na hasara zote. Wako wanaoliona jambo hili kama kukiri kushindwa. Historia ya eneo hili haikubaliani nao. David Maillu alianzisha Comb Books jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kutoa vitabu vyembamba vya bei ndogo kama My Dear Bottle na After 4.30. Wasomi walivikunjia uso, Tanzania ikavipiga marufuku, na makarani wa Nairobi wakavinunua kwa maelfu. Ben Mtobwa, bingwa wa riwaya za kusisimua za Kiswahili, alikuwa na kampuni yake ya Heko jijini Dar es Salaam. Eric Shigongo alizitoa riwaya zake kipande kwa kipande katika magazeti ya kampuni yake, na wasomaji wakawa wanasubiri siku ya gazeti.

Wote watatu walikuwa na kitu kimoja: walijua kuuza. Comb Books yenyewe haikudumu kupita muongo huo. Anayechukia kusimama mbele ya watu na boksi la vitabu afikirie mara mbili kabla ya kuchapa nakala 1,000, kwa sababu nakala 900 chini ya kitanda ni kukataliwa kwa aina nyingine, tena kwa gharama yako.

Anayeamua kuendelea amlipe mhariri kabla ya kumlipa mchoraji wa jalada, achape nakala chache kwanza, na apate ISBN, ile namba ya kimataifa inayokitambulisha kitabu dukani na maktabani. Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Ajihadhari pia na wanaowinda waliokataliwa. Hawa hujiita wachapishaji, husifu mswada ndani ya siku mbili, kisha hutaka mamilioni "ya kuchangia". Mchapishaji wa kweli huweka fedha zake mwenyewe. Anayetaka za mwandishi ni mtoa huduma, na mtoa huduma anapaswa kuonyesha bei ya kila kitu kwenye karatasi, na kukuachia haki zote za kazi yako.

Mswada wa kuweka kando

Kuna wakati majibu yote yamerudi, marekebisho yamefanywa, na wasomaji wa awali nao wanasita. Hapo mswada unaweza kuwekwa kando bila kuchomwa. Riwaya ya kwanza ya Meja Mwangi kuandikwa ni Taste of Death. Iliyomtoa, hata hivyo, ni Kill Me Quick ya mwaka 1973. Ile ya kwanza ilisubiri hadi 1975, jina lake likiwa limeshajulikana. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962 akiacha kazi ambazo hazijachapishwa: Kufikirika ilitoka 1967, Utubora Mkulima 1968. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, na riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, haikutoka hadi 1987, akikaribia miaka 40. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2021.

Anayeweka mswada kando aweke na kumbukumbu zake: nani aliupokea, tarehe gani, alijibu nini. Jedwali la kurasa mbili linatosha. Miaka mitano baadaye, mhariri akibadilika au kampuni mpya ikifunguliwa, jedwali hilo ndilo litakalomwambia mwandishi aanzie wapi, na ni mlango gani bado hajaubisha.